Uzi: Gazeti la mji wa Tanga, kutoka Kiongozi la 1904 hadi bei za Soko la Mgandini

#1 Ngamiani_Kati

Salaam wakuu.

Ukiuliza magazeti ya Kiswahili yalianzia wapi, wengi watakutajia Dar es Salaam. Mambo hayakuwa hivyo. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walitoa Msimulizi kule Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Wenzao wa Magila, hapo Muheza, wakafuata na Habari za Mwezi katika miaka ya 1890. Na gazeti la kwanza la Kiswahili huku bara lisilo la kanisa lilitoka hapa Tanga mjini, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Liliitwa Kiongozi. Lilianza 1904, likawa linatoka kila mwezi, likaendelea hadi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916.

Msilichanganye na Kiongozi la Kanisa Katoliki lililokuja miongo kadhaa baadaye. Majina ni yaleyale, magazeti ni mawili.

Leo magazeti ya kila siku tunayosoma Tanga yanachapwa Dar es Salaam usiku, yanasafiri zaidi ya kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera, na habari ya Tanga ikiwamo ni aya mbili ukurasa wa ndani. Naufungua uzi huu tujadili mambo mawili. Kwanza, Kiongozi liliwezaje kufanya kazi. Pili, gazeti la mji lina kazi gani hasa ambayo gazeti la Dar haliwezi kuifanya hata likitaka. Mwenye kujua kipande chake akiweke, na akiweke kwa undani.

---

#2 Karani_wa_Boma

Mkuu, umeanzia mahali pazuri, ila ili uelewe Kiongozi lazima kwanza uielewe shule.

Shule ya Tanga ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na haikuwa ya dini. Hilo lilikuwa jambo zito pwani, kwa sababu wazazi Waislamu hawakuwa tayari kupeleka watoto kwa wamisionari. Serikali ilitaka makarani, walimu, wakalimani na maakida, na ikawapata hapo. Mtoto alimaliza Tanga akapangiwa kazi mbali, pengine bara kabisa. Huko alikokwenda alikuwa anajua kusoma na kuandika, anawajua wenzake waliosambaa nchi nzima, na ana hamu ya kusikia habari za kwao.

Basi Kiongozi lilikuwa na mtandao wa waandishi kabla hata halijachapwa. Wanafunzi wa zamani ndio waliokuwa wasomaji, na wao hao ndio waliokuwa wakituma barua za habari kutoka vituo vyao: mvua, njaa, bei ya nafaka, simba, kifo cha jumbe, sherehe, nani kahamishwa kwenda wapi. Mhariri wa Tanga hakuwa na haja ya kumtuma mtu safari ya wiki tatu. Mtu alikuwa yuko huko tayari.

Reli nayo ilisaidia. Ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Huku kaskazini barua na mabunda ya magazeti yalipanda treni, na kwingine yalipelekwa na wapagazi wa posta na meli za pwani.

---

#3 Bint_Chumbageni

Kaka Karani, nakubali yote hayo, lakini tusilipambe. Kiongozi lilikuwa gazeti la serikali. Vita vya Maji Maji vilipopigwa, 1905 hadi 1907, lilieleza kwa jicho la serikali. Aliyekuwa upande wa pili hakuwa na ukurasa. Anayelisoma leo kama ushahidi wa historia asome na yale yasiyosemwa: kodi inatajwa kama wajibu tu, na kazi ya mashambani inatajwa bila malalamiko ya wanaoifanya.

Na mji huu huu ulikuwa na gazeti jingine, Usambara-Post, la Kijerumani, la walowezi na wenye mashamba. Hilo lilikuwa linamshambulia waziwazi Gavana Rechenberg, aliyekuwa madarakani kuanzia 1906 hadi 1912, kwa kuwa walowezi waliona anawabana. Pima mwenyewe: mlowezi alikuwa na gazeti la kumsema gavana, na Mswahili alikuwa na gazeti la kumsikiliza gavana. Magazeti mawili katika mji mmoja, na ukiyasoma pamoja utadhani ni miji miwili.

---

#4 Karani_wa_Boma

Dada, hapo sina pingamizi. Nyongeza moja tu: barua za wasomaji ndizo sehemu ambayo mkono wa serikali ulikuwa mwepesi zaidi. Mtu akieleza kwamba mtama umeshindikana na watu wanakula mizizi, hajaikosoa serikali kwa neno hata moja, lakini ameshasema. Ndiyo maana nasisitiza kusoma barua kwanza na tahariri baadaye.

Pia lugha. Usanifishaji wa Kiswahili ulikuja baadaye: mkutano wa Mombasa 1928, kisha Kamati ya Lugha 1930, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi. Kwa hiyo anayetafuta neno katika magazeti ya kabla ya hapo asitarajie tahajia moja. Tafuta kila umbo unaloweza kulifikiria. Hata fedha iangalie: mwaka 1904, mwaka huohuo wa Kiongozi, Wajerumani waliigawa rupia katika heller 100 badala ya pesa 64. Heller ikawa "hela" yetu. Bei ikitajwa kwa pesa na nyingine kwa hela, usizilinganishe kabla hujazibadilisha zote kuwa sehemu ya rupia.

---

#5 Mpangaherufi

Wakuu, mnazungumzia maneno, mimi naomba niwaonyeshe chuma.

Gazeti la zama zile lilipangwa herufi moja moja. Kila herufi ni kipande cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni ili iwe ngumu, na sura yake imegeuzwa kama kwenye kioo. Mpangaji anashika kijiti cha kupangia mkono wa kushoto, wa kulia unachukua herufi kutoka kwenye sanduku lenye vyumba, mstari baada ya mstari. Mistari ikitosha ukurasa inahamishiwa kwenye fremu ya chuma, inabanwa, inapakwa wino, inatolewa nakala ya kusahihishia. Makosa yanarekebishwa kwa koleo ndogo, kisha ndiyo inachapwa. Baada ya kuchapa, kila herufi inasafishwa na kurudishwa chumbani kwake. Kazi hiyo ya kurudisha ndiyo inayokula muda na ndiyo wanagenzi walikuwa wanaichukia, kwa kuwa herufi moja ikiingia chumba kisicho chake, kosa litatokea gazeti lijalo.

Sasa sikilizeni tatizo la Kiswahili. Sanduku la herufi lililotengenezwa kwa Kijerumani lina e nyingi mno, na a chache kiasi, na k na w chache zaidi. Kiswahili kinadai kinyume chake. Chukueni maneno haya manne: habari kwa watu wote. Yana herufi 17, na a ni 4 kati ya hizo. e ni moja tu. Katika Kiswahili a huwa karibu moja kwa kila herufi tano, wakati mwingine zaidi. Mpangaji akishika ukurasa wa pili a zimekwisha, na e zimejaa sandukuni hazina kazi.

Dawa yake zilikuwa mbili. Ama kuagiza herufi za ziada, na hizo zinakuja kwa meli, ama kupanga kurasa mbili, kuzichapa nakala zote, kuzibomoa, ndipo upange mbili zinazofuata. Njia ya pili ina gharama yake: ukishabomoa huwezi kurudi. Kosa lililobaki limebaki, na ukipata wateja zaidi huwezi kuongeza nakala.

Mnaosoma magazeti ya zamani, mkikuta neno "watn" msidhani ni lahaja. Ni u iliyosimamishwa kichwa chini ikawa n. Na mkiona pengo katikati ya neno, mara nyingi fremu haikubanwa sawasawa, herufi ikadondoka mtambo ukiwa unakwenda.

---

#6 Muheza_Machungwa

Post #5 ni darasa tosha. Swali: baada ya 1916 Tanga ilibaki na nini?

---

#7 Karani_wa_Boma

Ilibaki na wasomaji. Waliofundishwa katika shule ile hawakupotea. Waingereza waliwachukua kuwa makarani na walimu. Mwaka 1922 Martin Kayamba alianzisha hapa Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika, na hao ndio tabaka lililokuwa linasoma na kuandika magazetini.

Kazi ya kutoa gazeti ndiyo iliyohamia Dar. Serikali ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923, la kila mwezi, na kwa muda mrefu ndilo lililosomwa zaidi. Ila tazameni lilivyoendeshwa: barua za habari za miji kutoka kwa waandishi wa mikoani, na ukurasa wa mashairi. Ni mfumo uleule wa Kiongozi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, hapo nje ya mji, mashairi yake yalipita humo kabla jina lake halijawa kubwa. Mtu wa Tanga akitaka kusema na Waswahili wenzake, sasa alituma bahasha Dar.

Baadaye miji mingine ilijaribu ya kwao. Wachaga wa Moshi walikuwa na Komkya miaka ya 1950. Mwanza walipata Elimu Haina Mwisho mwaka 1974, gazeti la vijijini kwa watu waliotoka kujifunza kusoma katika elimu ya watu wazima. Lile la Mwanza ni funzo kubwa: maandishi makubwa, sentensi fupi, mambo ya shamba na afya. Mtu aliyejifunza kusoma mwaka jana asipopata cha kusoma mwaka huu, anasahau.

---

#8 Mwalo_wa_Sahare

Niingie kwenye swali la pili la mleta uzi. Kazi ambayo gazeti la Dar haliwezi ni hii: maji.

Mvuvi, mama wa pweza na mkulima wa mwani hawaishi kwa saa ya ofisi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunakuwa na bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa na siku saba nane hivi, na ukiwa na ishirini na moja ishirini na mbili, ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na miamba ya pweza haitoki vizuri. Jedwali la wiki nzima linaingia kwenye kisanduku cha mistari minane: siku, tarehe, tarehe ya mwezi mwandamo, kujaa mara mbili, kupwa mara mbili, kina kwa mita.

Makosa yanayotokea ni mawili. La kwanza ni saa. Jedwali rasmi linaandika 04:10, mtu wa kompyuta anaandika "saa 4:10", msomaji anaelewa saa nne na dakika kumi. Hapo umemkosea kwa saa sita kamili, na saa sita baharini ni tofauti ya maji kujaa na kupwa. Andika "saa 10:10 alfajiri" na usiweke kabisa mfumo wa pili pembeni. La pili ni kunakili safu ya mwezi uliopita kwa sababu tarehe zinafanana. Dawa: mtu asome jedwali kwa sauti, mwingine afuatilie kwa kidole, na waanze kwa kuthibitisha kwamba siku ya mwezi mpevu kujaa kunaangukia karibu na saa kumi. Ikiangukia saa nne, jedwali zima limepinduka.

---

#9 Bint_Chumbageni

Shekhe, hilo la saa linaua hata matangazo ya mazishi.

Na tanzia ina tatizo lake hapa kwetu. Marehemu Mwislamu huzikwa siku hiyohiyo au kesho yake. Gazeti hata likiwa la kila siku haliwahi, kwa sababu linafungwa jioni. Tangazo la mazishi hufanywa msikitini, redioni na sasa kwenye simu. Kwa hiyo asiyejua mji atasema tanzia haina nafasi gazetini. Nafasi ipo, ila si hiyo. Gazeti linabeba hitima, arobaini, shukrani kwa waliofika, na taarifa kwa ndugu walio mbali. Zaidi ya yote linabeba jina kamili na tarehe, kitu ambacho baada ya miaka ishirini mtu atakitafuta kwa ajili ya mirathi.

Tangazo la kifo lililokamilika liwe na haya: majina matatu pamoja na jina la mtaani ambalo watu walimjua nalo, alikokuwa akiishi, na kama ni Ngamiani taja barabara ya ngapi, kazi aliyoifanya, tarehe ya kufariki kwa kalenda zote mbili, hitima ni msikiti gani au nyumba gani, baada ya sala ipi. Ukiandika "baada ya alasiri" hakuna anayepotea, na hilo ndilo suluhisho bora la saa kuliko yote. Jina la mtaani msilidharau. Kuna watu mji mzima haujui jina lao la cheti.

Kosa baya kuliko yote ni kumtangaza aliye hai. Hutokea majina yanapofanana, na ujumbe umepokelewa kwa simu. Kanuni ni moja: tangazo lipokelewe kwa maandishi, lina namba ya mwanafamilia, na mtu wa gazeti apige simu namba hiyo mwenyewe kabla ya kufunga ukurasa. Haijalishi aliyeleta ni nani.

---

#10 Ngamiani_Kati

Na mirathi ndiyo inayotulisha, dada. Watu wanadhani gazeti la mji litaishi kwa tangazo la bia au la kampuni za simu. Hayo huenda Dar. Yanayobaki mjini ni matangazo ya kisheria na ya watu binafsi: maombi ya usimamizi wa mirathi, upotevu wa hati ya kiwanja, mabadiliko ya jina, minada, zabuni ndogo, mikutano ya vyama vya ushirika, shule kutafuta walimu. Ni madogo, yanalipwa papo hapo, na yanakuja kila wiki kwa sababu watu hawaachi kufa wala kupoteza hati.

Ila kabla hujapokea tangazo la mahakama, muulize mteja kama mahakama au ofisi ya ardhi imemtajia gazeti la aina gani. Wakidai linalosambaa nchi nzima, lako halifai, na ukichukua fedha yake umemcheleweshea shauri. Mwambie ukweli, aende.

---

#11 Muheza_Machungwa

Bei za soko mnaziweka wapi? Hapo ndipo gazeti linaposomwa na mtu asiyesoma kitu kingine.

Ila bei bila kipimo ni uzushi. Machungwa ya Muheza huuzwa kwa idadi au kwa tenga, na tenga si moja. Dagaa ni kwa ndoo ya lita 20, na kuna ndoo ya kufuta, iliyosawazishwa mdomoni, na ndoo ya kilima, iliyojazwa ikapita mdomo. Samaki wengine ni kwa fungu, na fungu la asubuhi si fungu la jioni. Pweza anayekwenda kwa wanunuzi wakubwa anapimwa kwa kilo. Kwa hiyo safu ya bei iandike soko, saa, kipimo, na daraja la bidhaa. Mfano: "Mgandini, saa 1 asubuhi, ndoo ya kufuta". Wachukue wauzaji watatu wasiokaa jirani, na mwandishi aandike bei ya chini na ya juu, asitoe wastani. Wastani haumsaidii anayekwenda sokoni na noti mkononi.

Bei ya mwaloni Deep Sea, samaki wanakoshushwa, na bei ya soko la Makorora ziwekwe mstari mmoja. Tofauti kati ya hizo mbili ni habari tosha, haihitaji maelezo.

---

#12 Mpangaherufi

Kwa anayefikiria kuanza, hesabu ya karatasi ni hii. Gazeti la kurasa 8 za A4 linatoka kwenye karatasi 2 za A3 zilizokunjwa. Upangaji wa kurasa ndio unaowakwamisha wengi:

Karatasi ya nje, upande mmoja: ukurasa wa 8 kushoto, wa 1 kulia. Nyuma yake: wa 2 kushoto, wa 7 kulia.
Karatasi ya ndani, upande mmoja: wa 6 kushoto, wa 3 kulia. Nyuma yake: wa 4 kushoto, wa 5 kulia.

Jaribio rahisi: jumla ya kurasa mbili zilizo pamoja ni 9 daima. Ikitoka namba nyingine umekosea, simamisha. Kwa kurasa 12 jumla ni 13, kwa 16 ni 17. Na idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Tangazo likikosekana dakika ya mwisho huwezi kutoa kurasa 7.

Nakala 1,000 ni karatasi 2,000, yaani rimu 4. Ongeza asilimia 5 za kuharibika. A3 ya gramu 80 ina uzito wa kama gramu 10, kwa hiyo gazeti moja ni gramu 20 na mzigo wote ni kilo 20. Huo unakwenda Pangani au Mkinga kwenye buti la basi bila shida.

Mashine ya riso, ile wanayochapia mitihani shuleni, inatosha kwa nakala mia kadhaa hadi elfu mbili tatu. Unahitaji stensili 4, moja kwa kila upande wa karatasi. Hapa Tanga adui ni unyevu. Rimu ikifunguliwa jana, leo karatasi zimejipinda na zinakwama. Fungua rimu unapoitumia, na ukichapa upande wa kwanza usiugeuze mara moja: wino wa riso haukauki haraka, utachafua upande wa pili. Ipe saa kadhaa, au usiku mmoja kama mvua inanyesha. Ndiyo sababu siku ya kufunga kurasa iwe siku moja kabla ya siku ya kuchapa, si siku hiyohiyo.

---

#13 Pwani_Yetu

Tanga ina undugu na mji wa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani. Wana gazeti la kila siku la mji, The Blade, lililoanza 1835. Mji wenyewe ulisajiliwa rasmi 1837. Gazeti limeutangulia mji kwa miaka miwili! Jina limetokana na panga za Toledo ya Hispania. Na gazeti hilo la mji wa pembeni, si la New York wala Washington, ndilo lililofukua mwaka 2003 makosa ya kikosi cha jeshi la Marekani kilichoua raia Vietnam mwaka 1967, likapewa tuzo ya Pulitzer 2004. Nalileta kwa sababu kuna watu watasema gazeti la mji ni la bei za machungwa tu. Wale waliaminika kwa mambo madogo kwa zaidi ya miaka mia na sitini, ndipo watu wakawafungulia milango kwa jambo kubwa.

---

#14 Bint_Chumbageni

Vizuri, ila mfano huo una mtaji ambao sisi hatuna. Turudi nyumbani. Kabla ya karatasi kuna sheria. Chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976 gazeti liliandikishwa. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 linapewa leseni na Idara ya Habari, MAELEZO, na leseni ina muda wake, hivyo tarehe ya kuihuisha iandikwe ukutani. Ukitoa habari mtandaoni, hapo unaingia kwenye kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni mlango mwingine. Anayeanza kwa kuchapa kwanza na kuomba baadaye anaweka mtaji wote rehani.

---

#15 Mtunza_Makabrasha

Nimesoma uzi wote. Tafadhalini, mnaojadili kuanzisha gazeti jipya, kumbukeni ya zamani yanayooza.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake kuna lignini. Ikipigwa na mwanga na hewa inageuka njano, kisha hudhurungi, kisha inakatika kwenye kunjo. Pwani tunaongeza unyevu, mende, visamakifedha na mchwa. Mwenye magazeti ya zamani nyumbani afanye hivi.

Yalazwe, yasisimamishwe. Yawekwe kwenye boksi lenye kifuniko, juu ya rafu isiyopungua sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje, kwa kuwa ukuta huo ndio unaovuta maji masika. Toeni pini na klipu, zinapata kutu. Selotepu ni marufuku: gundi yake inaingia ndani ya karatasi na baada ya miaka inabaki doa ambalo halitoki tena. Ukurasa uliopasuka uingizwe ndani ya karatasi safi iliyokunjwa, basi. Msipulizie dawa ya wadudu moja kwa moja. Bunda likiwa na wadudu, lifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa itolewe, liwekwe kwenye friza kali ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kisha liachwe lirudi joto la kawaida likiwa bado limefungwa. Ukifungua mapema, umande unatua kwenye karatasi na umeongeza tatizo.

Kupiga picha kwa simu kunafaa. Laza ukurasa chini, simu iwe sambamba kabisa nao, mwanga wa dirisha kutoka pembeni, bila flashi. Piga ukurasa mzima, kisha robo nne zikipishana kidogo, maana herufi ndogo za matangazo hupotea kwenye picha ya ukurasa mzima. Jina la faili lianze na mwaka: 1957-03-14-uk02. Hapo yatajipanga yenyewe. Na mpige kurasa zote. Watu hupiga habari kubwa na kuacha matangazo, wakati anayetafuta bei ya baiskeli, jina la duka au ratiba ya treni ataipata kwenye matangazo tu.

Na gazeti jipya likianza, nakala za kila toleo ziende Bodi ya Huduma za Maktaba, na moja ibaki maktaba ya mkoa hapa mjini.

---

#16 Mwalo_wa_Sahare

Mzee Mtunza, ahsante. Hilo la flashi tulikuwa hatulijui.

Bado mawakala. Magazeti madogo hayafi kwa kukosa habari, yanafia kwa wakala. Unampa nakala 50, anauza 38, anakaa na fedha mwezi, nakala 12 zinarudi zimelowa. Fanyeni hivi: wakala mpya apewe chache, 20 tu, na toleo lijalo asipewe kabla hajalipa lililopita. Kila bunda liwe na karatasi ndogo yenye idadi, na anayepokea atie saini hapohapo, si jioni. Nakala zinazorudi zikizidi moja kwa tano mara tatu mfululizo, mpunguzie, na umuulize kwa nini. Mara nyingi si uvivu: bunda limefika saa tano wakati wateja wake ni watu wa basi la alfajiri.

---

#17 Ngamiani_Kati

Nakusanya kwa ajili ya toleo la majaribio, kurasa 8, la wiki kwanza. La kila siku lisubiri mpaka mabunda yafike kwa wakati wiki 26 bila kukosa.

Ukurasa wa 1 habari moja ya mji iliyothibitishwa, na kisanduku cha maji. Wa 2 barua kutoka wilayani: Pangani, Muheza, Mkinga, Korogwe, Lushoto, Handeni, Kilindi, kila barua maneno 120, na jina la kijiji liwe la kwanza kwenye mstari. Wa 3 halmashauri na mahakama. Wa 4 na wa 5, ambazo ni karatasi moja isiyokatika katikati, matangazo ya kisheria upande mmoja na bei upande wa pili. Wa 6 afya, shule na kilimo kwa maandishi makubwa. Wa 7 mashairi na michezo. Wa 8 tanzia, hitima na shukrani.

Waandishi wa barua walipwe, hata kama ni kidogo, na walipwe siku toleo linapotoka. Asiyelipwa ataandika mara tatu tu, kisha ataacha.

---

#18 Mpangaherufi

Mkuu, rekebisho moja. Ukurasa wa 8 ndio mgongo wa gazeti. Ndio unaoguswa na kamba ya bunda, sakafu ya basi na mvua ya Segera. Tanzia usiiweke hapo, familia zitaikata na kuihifadhi. Ipeleke wa 7, mashairi yaje wa 6 pamoja na shule, na wa 8 weka ratiba za mabasi na matangazo madogo yanayojirudia kila wiki. Na katika kila bunda la 50 weka 52, maana ya juu kabisa na ya chini kabisa hazifiki zikiuzika.